Waya Uliokataa Kusimama

Walisema sitafika hata uwanja wa ndege. Nilipofika, wakasema nitarudishwa kwenye dirisha la uhamiaji. Nilipopita dirisha hilo na kuanza kutuma picha, wakasema picha si kazi. Mjomba wangu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Mariakani na kwa hivyo mtaalamu wa kila kitu cha chuma, alikuwa ameishika diploma yangu ya mawasiliano ya redio, akaigeuza upande wa nyuma kama mtu anayetafuta bei. "Karatasi nzuri hii, mpwa wangu," akasema. "Lakini Dubai hawasomi karatasi. Wanasoma mabega."

Jirani yetu mmoja aliweka dau kwamba nitarudi na begi lile lile nililoondoka nalo. Mwalimu wangu wa chuo, ambaye nilidhani atanitetea, aliambia watu kwamba mimi naweza kuunganisha mtambo wowote mradi uje na picha ya kuonyesha waya upi uende wapi.

Nayaandika haya nikiwa kwenye nyumba yangu mwenyewe ya mawe, yenye vyumba vinne na tangi la maji juu ya paa. Mjomba huja hapa kuchaji simu yake umeme ukikatika kwake. Begi lile lile sikurudi nalo; nilirudi na matatu. Kwa hivyo nasema bila haya kwamba walikosea wote. Nikubali tu, kwa kuwa mtu aliyefanikiwa ana nafasi ya kukubali mambo madogo, kwamba kwa karibu miaka miwili ya mwanzo walikuwa wakielekea kuwa sahihi.

Kampuni iliyonichukua ilikuwa na ofisi na godauni Al Quoz, mtaa wa viwanda wa Dubai. Ilikodisha mahema, jenereta na magari ya kupanda matuta kwa watu wenye fedha waliotaka kulala mchangani kwa hiari yao. Kwenye viza yangu paliandikwa msaidizi. Nilibeba mahema asubuhi kuyapeleka kwenye lori na jioni kuyarudisha, na kati ya asubuhi na jioni nilibeba mikeka. Katika godauni lile mimi peke yangu nilikuwa na diploma, na jambo hilo nililitaja mara kwa mara ili wenzangu wasije wakalisahau.

Aliyelisikia mara nyingi zaidi alikuwa Mganda mmoja, mlinzi wa lango la kampuni, aliyelala kitanda cha chini na mimi cha juu. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, Mkristo wa kusali asubuhi na jioni, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota huku na huko kazini, bila kukipiga pasi. Aliniita Injinia. Mtu mwingine angelichukua jina hilo kama heshima, lakini mwingine hakuwa akimwona anavyotabasamu akilitamka.

Viza ikabaki miezi mitatu. Arbabu, yaani mwenye kampuni, akatangaza kwamba wasaidizi wamezidi na wengine hatawaandikia upya. Hakutaja majina. Alitazama tu upande wetu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa, kwa kuwa siku zote nasimama mbele.

Wiki hiyo hiyo yaliletwa makasha manne ya redio za masafa marefu ambazo arbabu alikuwa amezinunua mnadani. Magari yake yalianza kwenda mbali zaidi kusini, kwenye matuta ambako simu hubaki kipande cha kioo cha kujitazamia uso, na alitaka gari likikwama huko liweze kuita ofisini. Kibali cha masafa alikuwa amekipata. Mtu wa kuzifunga hakuwa naye, na fundi wa nje alikuwa ametaja bei iliyomfanya arbabu acheke kwa uchungu.

Nikaweka mkeka chini, nikaenda mbele yake na kumwambia, "Sir, mimi nina diploma ya hiyo kazi."

Akaniangalia kama mtu aliyesikia mkeka ukisema. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla hajaniajiri, na imo kwenye faili langu. Akatoa masharti papo hapo. Niende jangwani Jumatano, na Ijumaa asubuhi yeye atakuja mwenyewe kabla ya sala. Akiisikia ofisi kutoka mchangani, nitakuwa fundi, na viza mpya yenye neno fundi. Asipoisikia, khalas, yaani basi, tiketi ya kurudi nyumbani. Na hatanunua hata kamba mpaka aone kwanza.

Basi nikakopa. Mlingoti nilikopeshwa na mzee mmoja wa Kizanzibari aliyekaa mtaa wa Al Baraha miaka mingi kuliko umri wangu, mtu wa biashara ndogo ya vitambaa, ambaye siku za mapumziko alikwenda kuvua samaki kwa fimbo ndefu ya kisasa, ile inayochomoka kipande ndani ya kipande mpaka ifike mita kumi. Fimbo haina chuma, ni nyepesi, na waya ukiuzungushia unasimama nayo. Nilimweleza hayo yote kwa kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mie sijui redio. Ninalolijua, fimbo hii nimekupa nzima." Mita ya kupimia umeme nilikopeshwa na fundi wa Kihindi mwenye kibanda nyuma ya godauni letu. Na kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa vimefunguka mdomo, Mganda akanikopesha viatu vyake vya akiba, vya ngozi, namba moja kubwa kuliko mguu wangu. Nilivijaza soksi.

Tukaenda watatu: mimi, dereva wa Kipathani kutoka Pakistani aliyeendesha lori la maji, na Mganda mwenyewe, aliyetumwa kulinda jenereta isiibiwe, ingawa kufika pale tulipokwenda mwizi wa karibu angehitaji saa tatu za gari.

Kusimamisha antena ya waya mchangani si mchezo, na watu wanaodhani ni kufunga kamba ya mbuzi waje niwafundishe. Kwanza nilipima waya kwa futi, kwa hesabu ya masafa yetu, nikaukata nikiacha shibiri ya ziada, maana waya mrefu hupunguzwa lakini mfupi haurefuki. Kisha nikautundika kwenye fimbo kuanzia ncha hadi chini. Mambo ya chini nayo yana kazi yake: nikalaza nyaya nne mchangani kuelekea pande nne, kama mizizi ya mti, kwa sababu mchanga mkavu haupokei umeme na antena isiyo na mizizi ni mti uliochomekwa. Vigingi havikai kwenye mchanga laini. Ukikipigilia leo kesho kinaelea. Nikajaza mifuko midogo mchanga, nikafunga kamba ya kuvutia fimbo kwenye kila mfuko, nikaizika kina cha magoti. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nililibuni pale pale, na fimbo ya mita kumi ikasimama wima juu ya tuta, imenyooka, nyembamba, huku waya ukimetameta kwenye jua la alasiri.

Nikapiga picha. Picha hiyo ninayo hadi leo ukutani.

Kisha nikawasha redio, nikaita ofisi. Kule Al Quoz tulikuwa tumemwachia madam wa mapokezi redio ya pili, antena yake nikiwa nimeifunga mimi mwenyewe juu ya paa kabla ya kuondoka. Tulipatana kwamba kila nusu saa ahesabu moja hadi kumi kwenye kipaza sauti, kisha anyamaze anisikilize. Nusu saa ikafika. Kilichokuja ni mvumo mtupu, kama mafuta kikaangoni.

Nikarekebisha, nikaita tena. Kikaango kikaendelea.

Magharibi ilipoingia, nikawa nazungusha kitufe kwenye masafa mengine kusikiliza tu, nipate hakika kwamba redio ni nzima. Nikasikia Kihindi. Nikasikia lugha nisiyoijua, mtu akicheka. Kisha, naapa, nikasikia Kiswahili, mwanamume akimsomea mwenziwe orodha ya magunia ya mahindi yaliyofika na ambayo hayajafika, kwa sauti safi kama aliyeketi ndani ya hema letu. Bahari nzima ilikuwa kati yetu na magunia yale.

Mganda alikuwa ameketi juu ya ndoo akila mkate. Akasikiliza mahindi mpaka yakaisha.

"Injinia," akasema, "ofisi imehamia Kenya?"

Dereva wa Kipathani hakujua Kiswahili, lakini kicheko cha Mganda kilimtosha, naye akacheka mpaka akajipalia chai.

Alhamisi nzima nilihangaika na urefu. Chuoni tulifundishwa jambo moja na tukalirudia mpaka likawa kama salamu: antena juu, mawasiliano juu. Kwa hivyo kila nilipokosa ofisi niliipandisha. Niliihamishia kwenye tuta refu zaidi, Mganda akibeba mifuko ya mchanga kuitoa kwenye mchanga na kuizika kwenye mchanga, kazi ambayo aliizungumzia sana. Nilipima kila kiungo kwa ile mita ya Mhindi. Kila kitu kilikuwa sawa. Sijapata kuona mtambo ulio sawa kiasi kile na usiofanya kazi kiasi kile. Kwa simu ya setilaiti ya dharura, ambayo tuliruhusiwa dakika chache tu, nilimpigia madam kumuuliza kama ananisikia. Akasema anasikia kitu kama mtu anapasua mbao, mbali. Akauliza kama kesho Ijumaa lazima aje. Nikamwambia lazima. Akakata.

Jioni hiyo nilipiga hesabu za tiketi kichwani. Niliona uso wa mjomba, na nilimwona jirani akija kulipima begi.

Sasa, mtu ambaye hajakaa kambi za wafanyakazi haelewi sheria moja isiyoandikwa popote. Ijumaa ni siku ya kufua. Mtu yeyote, wa dini yoyote, anayefanya kazi siku sita, nguo zake huziloweka Alhamisi na kuzianika Ijumaa alfajiri kabla jua halijakasirika. Sheria ya pili inafuata ya kwanza: kamba za kuanikia hazitoshi kamwe, kwa hivyo waya wowote usio na nguo juu yake ni mali ya atakayeamka mapema. Nimeona watu wakigombana kwa ajili ya waya wa televisheni. Nimeona shati kwenye waya wa kengele ya moto.

Alfajiri ya Ijumaa upepo uliiangusha fimbo. Kamba zangu zilishika na mifuko yangu haikutoka, hilo naomba liandikwe. Ni fimbo yenyewe iliyovunjika kati, nusu ya juu ikaanguka na waya wake. Sikusikia, nilikuwa nimelala kwa uchovu, nimeiacha redio imewashwa. Mganda na dereva walikuwa wameamka. Dereva alitaka kanzu na suruali yake pana viwe vikavu kwa sala ya Ijumaa. Mganda alitaka sare yake iwe safi maana arbabu anakuja. Lori la maji lilikuwepo, sabuni ilikuwepo. Wakauona waya mzuri, mrefu, wenye ganda la plastiki, umelala mchangani hauna kazi.

Nilipotoka hemani jua lilikuwa limeshapanda kidogo. Antena yangu haikuwepo juu ya tuta. Waya wote, kutoka kwenye kisanduku kinachouunganisha na redio, ulikuwa umevutwa na kulazwa kutoka nguzo ya hema hadi ngazi ya lori la maji, umefungwa ncha kwa kipande cha kamba ya nailoni, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Juu yake kulikuwa na suruali ya Kipathani pana kama tanga, kanzu, mashati mawili ya sare, suruali ya sare, na soksi nne zilizobanwa kwa vibanio vyangu vya kupimia.

Sitayaandika niliyoyasema. Mimi ni mtu mzima sasa na watoto wangu wanasoma. Mganda alisimama akanisikiliza na ndoo mkononi, maji yakimdondoka.

"Waya iko chini, imelala," akasema nilipovuta pumzi. "Mimi naona haina kazi, nafunga. Wewe unakasirika nini? Hata ikiwa juu ilikuwa haifanyi kazi."

Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kumjibu hilo la mwisho, ambalo liliniuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli, na hapo redio ikahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya madam aliyelazimishwa kuja kazini siku ya mapumziko. Kila namba ilikuja nzima. Alipofika kumi akakohoa, na kikohozi nacho tukakisikia chote.

Tulitazamana watatu. Nikapiga mbio, nikashika kipaza sauti, nikaita. Akajibu. Akasema ananipata vizuri sana, na kwa hivyo je, anaweza kwenda nyumbani?

Nikamwomba abaki mpaka arbabu aongee naye. Kisha nikafanya kosa la mtu aliyesoma. Nilisema sasa tumefanikiwa, tufanye kwa utaratibu. Nikatoa nguo zote, nikaufungua waya, nikaufunga kwenye kipande cha fimbo kilichobaki, nikakisimamisha wima juu ya ngazi ya lori, safi, kama picha ya kitabuni. Nikaita ofisi. Kikaango kikarudi.

Kwa mbali, nyuma ya matuta, vumbi la gari lilikuwa limeanza kuonekana.

"Rudisha nguo," akasema Mganda.

Nikamwambia nguo hazina uhusiano wowote na mawimbi ya redio. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya mwalimu wangu wa chuo. Akaniambia sawa, basi usirudishe, na akaketi juu ya ndoo yake. Nikalitazama vumbi. Nikautazama waya. Nikapanda ngazi, nikaushusha, na Mganda akainuka bila kuambiwa, akaulaza na kuufunga kama alivyoufunga alfajiri, fundo lile lile. Kisha mimi mwenyewe, mwenye diploma, nikaokota suruali ya Kipathani na kuianika. Nikaanika mashati. Soksi nazo nikazipanga nilivyozikuta, mbili huku mbili kule, kwa sababu wakati ule sikujua ni kipi kati ya vitu vile kilichokuwa kikifanya kazi, na sikuwa na muda wa kujifunza.

Redio ikahesabu. Wazi, kila namba.

Siku hizi najua, na nitaeleza kwa wanaotaka kujua. Waya uliosimama wima hutupa sauti mbali, kwa pembe ya chini, kama mpira wa kumwagilia bustani ulioelekezwa mbele: maji yanaruka juu ya majirani na kuangukia mtaa wa pili. Ndiyo maana nilisikia mahindi. Waya uliolala karibu na ardhi huirusha sauti juu moja kwa moja, nayo ikifika kule anga inapoirudisha, huanguka kama mvua juu ya walio karibu, kilomita mia, mia mbili, na Al Quoz ilikuwa humo. Nguo hazikuongeza wala hazikupunguza kitu cha maana. Niliyathibitisha hayo yote wiki iliyofuata kwa vipimo, na niliandika ripoti ya kurasa sita yenye michoro. Lakini asubuhi ile nilichojua ni kwamba arbabu ameshuka kwenye gari lake jeupe na wageni wawili, na anaitazama suruali.

Akaizunguka. Akatazama ngazi, nguzo, kisanduku. Akauliza antena iko wapi. Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono, nikampa kipaza sauti. Akamwita madam, madam akamjibu, akamuuliza habari za mzigo uliotarajiwa Jumamosi, naye akamsomea nambari ya mzigo. Wageni wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akapiga picha ya soksi.

Arbabu akanirudishia kipaza sauti. "Nani amefunga hivi?"

Mganda alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, amevaa fulana ya ndani kwa kuwa sare yake yote ilikuwa hewani.

"Mimi, sir," nikasema.

"Zain," akasema arbabu, yaani vizuri. Akaenda kunywa kahawa na wageni wake.

Ndivyo nilivyokuwa fundi wa redio wa Dubai. Viza ikaandikwa upya, mshahara ukapanda, nikahamia chumba cha watu wanne badala ya wanane. Nilizifunga redio kwenye magari yote, na kwa miaka iliyobaki ya muongo ule hakuna gari la kampuni lililopotea kusini likakosa kusikika. Sijui ni wangapi kati ya waliocheka diploma yangu wanaoweza kusema hivyo.

Mganda hakusema neno. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Angenilaumu ningemjibu, majibu nilikuwa nayo tayari: watu maelfu wameanika nguo duniani, ni mmoja tu aliyejua kwa nini waya ule ulisema. Lakini alirudi langoni kwake, na nilipopita alinifungulia na kuniita Injinia, bila lile tabasamu. Nililikosa tabasamu hilo kuliko nilivyotarajia.

Mshahara wa kwanza wa fundi ulipoingia nilitenga siku moja ya kurudisha vya watu vyote. Asubuhi nilimpelekea Mhindi mita yake, ikiwa na betri mpya na kifuko ambacho haikuwa nacho. Akaijaribu mbele yangu kwanza, kisha ndipo akanishukuru. Mchana nilikwenda Al Baraha na fimbo mpya, ndefu kuliko ile iliyovunjika. Mzee wa Kizanzibari akaichomoa yote pale sebuleni, ikavuka mlango mpaka ukumbini, akasema nyepesi mno hii, samaki atamvuta yeye, lakini Mungu anijaze kheri maana vijana wengi hurudisha maneno tu. Nilikula kwake wali, nikaondoka nikijiona mtu.

Jioni nikamwendea Mganda langoni na viatu vipya ndani ya boksi, namba yake, vizuri kuliko alivyonikopesha, maana vyake mchanga wa moto ulikuwa umevibandua soli. Akavijaribu, akapiga hatua mbili tatu, akavifunga tena kwenye boksi.

"Viatu tumemaliza," akasema. "Ile ingine bado iko kwa mdomo yako."

Nikajifanya sielewi. Akaniambia taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba watu wanaokwenda jangwani hulipwa posho ya kila siku, na langoni hakuna posho. Arbabu alikuwa akichagua watu wa safari. Kama angejua ni nani aliyefunga waya, angemchagua. Hakutaka zaidi ya hapo. Hakutaka hata niombe msamaha.

Nilimwambia mambo ya kazi hayaendi hivyo. Nilimwambia nimeshaandika ripoti. Kweli ni kwamba niliogopa. Neno fundi kwenye viza yangu lilikuwa limekauka juzi tu, na mtu aliyelitoa kwa sentensi moja angeweza kulifuta kwa nyingine. Nilimwona mjomba tena, ameigeuza karatasi upande wa nyuma. Mganda hakunisihi. Gari likapiga honi nje, akaenda kulifungulia lango, na lilikuwa gari la arbabu.

Akaegesha, akashuka anaongea na simu, akaanza kukagua magurudumu mapya yaliyopangwa ukutani. Nikamfuata. Miguu ilikwenda kabla sijaipa ruhusa. Nilisubiri amalize simu, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika langoni, "Sir, ile Ijumaa, aliyeufunga ule waya ni mlinzi, si mimi. Mimi nilichojua ni sababu ya waya kufanya kazi."

Arbabu alikuwa amepiga goti anasoma maandishi kwenye gurudumu. Hakugeuka mara moja. Nilihesabu kama madam, moja, mbili, tatu.

"Redio zinafanya kazi?" akauliza.

"Zinafanya, sir."

Akamtazama Mganda kule langoni. "Unaweza kufunga tena?"

"Naweza, sir," Mganda akajibu.

"Khalas, safari ijayo uende." Kisha akaniambia gurudumu hili si saizi aliyoagiza, nani alilipokea, na nikamwambia nitauliza.

Likaishia hapo. Jambo nililolilalia macho wazi kwa wiki tano lilikuwa limechukua muda mfupi kuliko kukagua gurudumu. Nikarudi langoni. Mganda alikuwa tayari amevaa viatu vipya na anavifunga kamba.

"Hiyo sentensi ya pili," akasema bila kuinua kichwa, "mimi sikukutuma."

"Hiyo niliiongeza mwenyewe," nikamjibu. "Ya kwanza ilikuwa deni."

Akacheka mpaka akaegemea lango, nami nikaenda kutafuta aliyepokea gurudumu.